Askari Wanaowatembelea Yatima na Wajibu Wetu Sisi

(Yafuatayo ni maelezo ya hotuba iliyotolewa mbele ya waumini huko Mkuyuni, Mwanza, wakati wa maandalizi ya ziara ya makao ya watoto yatima.)





Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., ambaye baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na umri wa miaka sita, na babu yake aliyemchukua akafariki yeye akiwa na miaka minane. Tumeanza na habari hii kwa makusudi. Tunayemfuata alikuwa yatima, na kila tunapomsalia tunamsalia mtu aliyelelewa na ami yake.

Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tukipanga mchele, sukari na sabuni za kupeleka katika makao ya yatima, kijana mmoja alituuliza swali. Alisema amesikia kwamba askari walio ugenini hutumia siku zao za mapumziko kwenda kucheza na watoto yatima, na kwamba wengi wa askari hao si Waislamu. Akauliza: “Je, sisi tunaojiita umma wa Mtume aliyekuwa yatima, mbele ya watu hao tumesimama wapi?” Swali hilo lilitunyamazisha, na hotuba hii ni jaribio letu la kulijibu.

WANAYOYAFANYA ASKARI

Mjini Djibouti, katika Pembe ya Afrika, iko kambi iitwayo Lemonnier. Zamani ilikuwa kambi ya Wafaransa, na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ikaanza kutumiwa na majeshi ya Marekani. Katika kambi hiyo wametokea askari waliojitolea, si kwa amri ya mkubwa bali katika saa zao za mapumziko, kwenda kwenye makao ya yatima mjini humo kuwabeba watoto wachanga na kucheza na wale wakubwa.

Wala tusiende mbali kutafuta mifano. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia mashariki ya Kongo mwaka 2013, pamoja na majeshi ya Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi mwaka huo. Askari wetu wamelinda amani Beni na viunga vyake, na wengine wamekuwa Berberati, magharibi ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko nako wamewaendea watoto yatima wakiwa na vyakula na mahitaji mengine, wakaketi nao. Na Beni askari wetu hahitaji mkalimani, kwani mtoto wa Kivu huzungumza Kiswahili.

Ndugu wapenzi, Uislamu umetuamrisha kuwa waadilifu katika ushahidi hata kwa mtu tusiyepatana naye. Basi na tuseme lililo haki: hili ni jambo jema. Mtoto aliyekimbia kijiji chake usiku ameijua kombati kuwa ni alama ya hofu, kwani waliomchomea nyumba huenda nao walivaa sare. Anapomwona mtu mwenye sare akiketi chini na kumkatia kipande cha mkate, ndani ya moyo wake kuna kitu kinachotengenezwa upya. Naye askari, ambaye kazi yake humzoesha kuona mauti, hukumbushwa kwamba amepewa silaha kwa ajili ya wanyonge kama huyu. Malipo ya wema yako kwa Mwenyezi Mungu, na si kazi yetu kuyapunguza.

SWALI AMBALO ASKARI HAKUWEZA KULIJIBU

Hata hivyo, askari mmoja aliyerudi kutoka Kongo alituambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema: “Watoto wale hawakutuuliza tumeleta nini. Walituuliza tutarudi lini.” Akaongeza kwamba hilo ndilo swali pekee ambalo hakuwa na jibu lake, maana zamu ya kikosi ilikuwa inakaribia kwisha, na askari haamui mahali pa kupelekwa.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa wema wa ziara. Askari hukaa mwaka mmoja hivi, kisha kikosi hubadilishwa. Anakuja mwingine mwenye sare ileile na uso mwingine. Mtoto anamzoea huyu, naye anaondoka. Anamzoea yule, naye anaondoka. Wataalamu waliowachunguza watoto wa makao ya Romania, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, waliona kwamba mtoto asiye na mlezi wa kudumu huweza kumkimbilia kila mgeni na kumkumbatia. Wageni hudhani hiyo ni furaha, kumbe ni njaa ya kuwa na mtu wake mwenyewe.

Liko na jambo la pili. Si kila mtoto aliye katika makao ya yatima ni yatima. Ulimwenguni kote, wengi wa watoto wanaolelewa humo wana baba au mama aliye hai, au jamaa wa karibu, ila umaskini ndio uliowafikisha hapo. Mwezi Oktoba 2007, huko Abéché nchini Chad, walikamatwa watu wa shirika moja la Ufaransa waliotaka kuwasafirisha kwa ndege watoto 103, wakisema ni yatima wa vita vya Darfur. Ilipochunguzwa, wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi au walezi, na wengi wao walikuwa wenyeji wa Chad hiyohiyo. Tunataraji kwamba wapo waliochangia safari ile wakiamini wanafanya hisani. Lakini nia njema isiyouliza maswali ilikaribia kuwafanya yatima watoto ambao hawakuwa yatima.

Kwa sababu kama hizo, Australia, ilipokuwa ikitunga sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, iliutambua usafirishaji wa watoto kwa ajili ya kujaza makao ya yatima kuwa ni sehemu ya uovu huo. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi, likagusa madhara ya kujitolea kwenye makao ya yatima na utalii wa makao hayo. Maana penye wageni wengi wenye zawadi, hupatikana watu wanaohakikisha watoto hawapungui.

SARE NI AMANA

Jambo la tatu ni zito, lakini tusipolisema tutakuwa tumeficha ushahidi. Mgeni mwenye nguvu anapokaribia watoto wasio na mtetezi, iko hatari. Desemba 2015 jopo huru lililoteuliwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya tuhuma za askari wa kigeni kuwadhalilisha watoto katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na likaulaumu Umoja wa Mataifa wenyewe kwa namna ulivyozishughulikia tuhuma hizo. Na mwezi Juni 2023, kutoka nchi hiyohiyo, ilitangazwa kwamba kikosi cha askari 60 wa Tanzania kitarudishwa nyumbani, baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha ushahidi kwamba 11 kati yao walituhumiwa kwa unyanyasaji wa kingono.

Tuhuma si hukumu, wala kosa la wachache si kosa la jeshi zima, jeshi ambalo watu wake wamemwaga damu kwa ajili ya majirani. Lakini somo halitoki. Kama sare ya taifa haikutosha kuwa dhamana, basi na kanzu haitoshi, na kofia haitoshi, wala cheo msikitini hakitoshi. Mtoto yatima hulindwa kwa utaratibu unaomhusu kila mtu bila kubagua, wala si kwa sura njema ya anayemtembelea.

MTUME NA WATOTO WA MASHUJAA

Sasa tutazame mwenendo wa Mtukufu Mtume s.a.w., kwani naye alikuwa na askari, na askari wake waliacha watoto.

Katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijriya, aliuawa Hadhrat Jaafar bin Abi Talib r.a., binamu yake Mtume. Habari zilipofika Madina, Mtume s.a.w. alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Jaafar. Mjane, Hadhrat Asma binti Umais r.a., alikuwa amekwisha kukanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta, hajui lolote. Mtume akawaita watoto, akawakumbatia, machozi yakamtoka, na kwa machozi hayo mama akafahamu. Kisha akawaagiza watu wapike chakula wakipeleke kwa wafiwa, kwa sababu msiba umewashughulisha. Baada ya siku tatu akarudi, akamwita kinyozi awanyoe watoto nywele. Na mama yao alipotaja uyatima wao, Mtume alimfahamisha kwamba yeye mwenyewe ndiye msimamizi wao, duniani na akhera.

Ndugu wapenzi, tuutazame mpango wa mambo haya. Siku ya kwanza ni machozi na chakula. Siku ya tatu ni kinyozi. Kinyozi ni jambo dogo, lakini ni jambo la baba; ni nani mwingine hukumbuka kwamba mtoto nywele zimekuwa ndefu? Kisha ukafuata usimamizi usio na tarehe ya mwisho. Sisi katika misiba yetu ni hodari sana wa siku ya kwanza. Wapishi tunao, masufuria tunayo, maturubai tunayo. Lakini siku ya kinyozi huwa tumekwisha kutawanyika.

Vilevile Hadhrat Abu Salama r.a. alijeruhiwa katika vita vya Uhud, na jeraha hilo ndilo lililomwua baadaye. Mtume s.a.w. alimwoa mjane wake, Hadhrat Umm Salama r.a., na watoto wake akawafanya kuwa wake katika malezi. Mmoja wao, Umar, alisimulia alipokuwa mtu mzima kwamba utotoni mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka kwenye sahani, na Mtume akamfundisha kwa upole kumtaja Mungu, kula kwa mkono wa kuume na kula kilicho mbele yake. Huyo ni yatima anayekosea adabu mezani, akarekebishwa na mtu atakayekuwapo tena kwenye sahani hiyo kesho. Mgeni wa siku moja hawezi kumrekebisha mtoto. Humpa pipi tu. Na hata hivyo mtoto huyo aliendelea kuitwa mwana wa Abu Salama, kwa kuwa Qur'an Tukufu imetufundisha kumlea mtoto bila kumpokonya jina la baba yake.

YATIMA WA KANDO YA ZIWA

Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki katika wilaya ya Beni, waasi walikishambulia kikosi chetu. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katika nchi ileile ambako askari wetu waliwafariji watoto wa watu, jioni moja ilitosha kuwafanya watoto wa askari nao kuwa yatima. Tujiulize: katika mitaa wanayoishi watoto hao, nani alikuja siku ya tatu?

Na sisi watu wa Mwanza tuna historia yetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari yetu, wakafa mamia ya watu, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ukiacha misiba hiyo mikubwa, ziwa huchukua wavuvi wetu mmoja mmoja bila kutangazwa redioni. Watoto wao wengi hawakupelekwa kwenye makao yoyote. Walichukuliwa na bibi, shangazi, mama mdogo. Wamo katika nyumba tunazozipita tukija kuswali.

Hapa hatuna budi kujishuhudia wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulifanya ziara kubwa kwenye makao ya yatima. Tulikodi gari, tukapeleka magunia, tukapiga picha. Kumbe katika safu zetu wenyewe alikuwamo mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye baba yake, mvuvi wa dagaa, alikufa maji. Mtumbwi, injini na nyavu vilichukuliwa na jamaa mmoja aliyesema anavitunza mpaka mtoto akue. Msimu wa pili vikauzwa. Mtoto akaacha shule, akawa anabeba ndoo za dagaa mwaloni. Tulimwona kila Ijumaa. Tuliitikia salamu yake. Hatukumwuliza neno. Tulipokuja kujua, injini ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Wazee waliwaita wahusika, na sehemu ya fedha ilirudishwa kidogo kidogo. Miaka miwili ya masomo haikurudi.

Qur'an Tukufu imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wanajaza moto matumboni mwao. Tulikuwa tukiisoma aya hiyo, tukadhani inawahusu watu wengine.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuwajue yatima wetu. Liwepo daftari moja: jina la mtoto, anayemlea, shule yake, na alichoachiwa. Daftari hilo litunzwe na watu wawili au watatu waaminifu, wala lisisomwe hadharani, kwani uyatima si jambo la kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake.

Pili, mali iandikwe mapema. Baada ya mazishi, kabla ndugu hawajasafiri, vyombo vya uvuvi, kiwanja, deni na akiba viorodheshwe mbele ya mashahidi. Msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, naye atoe hesabu. Mwenye nia safi haogopi kuandikiwa.

Tatu, tumsaidie anayelea. Bibi anayelea wajukuu wanne akipewa unga, ada na mtu wa kumpeleka mtoto hospitali, watoto hao hawatahitaji kupelekwa kwenye makao. Makao yabaki kwa mtoto ambaye kweli hana mtu.

Nne, ziara zetu ziwe na adabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na kibali, basi tuulize kibali hicho, na tumshirikishe afisa wa ustawi wa jamii. Asiwepo mtu wa kukaa faraghani na mtoto, awe nani. Picha za watoto tusipige. Waende watu walewale, siku ileile ya kila mwezi, hata kama ni wachache na mikono ni mitupu. Na tusimwahidi mtoto tusichoweza kukitimiza.

Tano, tusizisahau nyumba za askari wetu. Baba akiwa ulinzini nje ya nchi, jirani apite kuuliza watoto wameamkaje. Si lazima kungoja habari mbaya.

Kwa hiyo, kijana wetu aliyeuliza tumesimama wapi, jibu letu ni hili: askari yule ametupita kwa kuanza. Alivuka mipaka kumwendea mtoto asiyemjua, na sisi hatukuvuka kichochoro. Lakini lile swali lililomshinda yeye, la kwamba atarudi lini, sisi tunaweza kulijibu. Hatubadilishwi kwa zamu. Tunaishi hapa Mkuyuni. Tunaweza kumwambia mtoto kwamba tutarudi kesho baada ya Alasiri, na kesho ikifika tukaonekana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa majini na waliokufa vitani, awatunze watoto wao, azilainishe nyoyo zetu, atuepushe na mali ya yatima, na atujaalie kuwa karibu na Mtume wetu s.a.w. siku ambayo walezi wa yatima watasimama karibu naye. Amin.

Wa aakhiru daawaana anil hamdu lillahi Rabbil aalamin.